Msaidizi wa Bi Hostetler

Tangu Januari Trina Ratliff alikuwa akila chakula cha mchana ndani ya gari lake. Si kwamba shule ya Pickrell ilikosa mahali pa kulia. Ilikuwa napo pawili. Wasaidizi wa madarasa walikula bwaloni pamoja na watoto, huku wakifuta maziwa yaliyomwagika na kuamua ugomvi wa biskuti. Walimu walikula kwenye chumba chao chenye makochi na mashine ya kahawa, mlango umefungwa. Kwa miaka kumi na mmoja Trina alikuwa mtu wa bwaloni. Sasa alikuwa mwanafunzi wa uzamili aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, na siku ya kwanza alipoingia chumba cha walimu na kikopo chake cha supu, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Mmoja wao akamwambia kwa upole, "Trina, mpenzi, kuna mtoto ametapika kule koridoni. Hebu mwambie mtu wa usafi." Akaenda akamwambia. Aliporudi, kiti chake kilikuwa kimewekewa mkoba.

Akajaribu kurudi bwaloni. Gaylene, msaidizi mwenzake wa zamani, ambaye walikuwa wakiazimana makoti kila msimu wa baridi, akamtazama juu mpaka chini. "Ee, mheshimiwa! Umepotea njia? Wenye madigrii hawali huku." Wengine wakaangua kicheko. Trina naye akacheka, maana ukichekwa halafu ukanuna ndio umekwisha. Kesho yake akala ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke, na ikawa ndiyo desturi.

Lakini njia hiyo aliichagua mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Alikuwa na shahada ya zamani ya mambo ya biashara ambayo haikuwahi kumpa kazi hata siku moja. Chuo kikuu cha jimbo, mwendo wa saa moja kwa gari, kilikuwa na mpango kwa watu wa aina yake: unasoma jioni miaka miwili, unatoka na uzamili na leseni ya kufundisha shule ya msingi kwa mpigo mmoja. Masomo aliyamaliza, kwa mkopo na kwa kusinzia kwenye usukani. Kikabaki kisiki cha mwisho, muhula mzima wa kufundisha bila malipo chini ya mwalimu mlezi. Na utaratibu ulisema huwezi kuwa msaidizi anayelipwa na papo hapo ukawa mwanafunzi wa mazoezi. Kwa hiyo akaacha kazi. Ukaenda mshahara, ambao haukuwa wa kutisha, na ikaenda bima ya afya, ambayo ndiyo ilikuwa kila kitu, kwa kuwa mumewe Dwayne alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano.

Mwalimu mlezi wake alikuwa Bi Carol Hostetler wa darasa la tatu. Trina alimwomba yeye kwa jina, akidhani ana bahati, kwa sababu alikuwa msaidizi wake miaka sita na hawakuwahi kukosana. Bi Hostetler alikuwa mwanamke wa kukumbatia watu. Kila mtu kwake ni mpenzi. Mji mzima ulipitia mikononi mwake, hadi mwalimu mkuu, Bwana Pruitt, ambaye yeye ndiye alimfundisha kusoma. Nani angemnenea mabaya mama kama yule?

Pale Pickrell mwalimu huitwa kwa jina la ukoo, msaidizi kwa jina lake la kwanza. Trina alipoomba watoto waanze kumwita Bi Ratliff, Bi Hostetler alimshika bega akacheka. "Utawachanganya bure, mpenzi wangu. Subiri kwanza leseni itoke." Basi akaendelea kuwa Bi Trina. Alifundisha hesabu, akafundisha kusoma, akasahihisha, akaandaa masomo usiku na mchana, na kengele ikilia bado ndiye aliyefunga watoto kamba za viatu. Bi Hostetler alikaa nyuma na kahawa yake. "Unanipumzisha kweli," alikuwa akisema. "Sijui nitaishije ukiondoka."

*

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Bi Wilma alihamia kwao baada ya kuvunjika nyonga, nyonga ikapona, yeye akabaki. Jioni moja ya Aprili walikuwa mezani, maharage na mkate wa mahindi, na Bi Wilma akawa hana lingine la kusema ila lilelile.

"Mimi sijapata kuona. Mtu na akili zake anaacha kazi ili akaifanye kazi hiyohiyo bure."

"Si hiyohiyo, mama," alisema Trina.

"Tofauti yake nini?"

"Sasa nafundisha."

"Zamani je?"

"Zamani nilikuwa nasaidia."

"Zamani walikuwa wanakulipa," alisema Bi Wilma, akamega mkate. "Hiyo ndiyo tofauti."

Dwayne akainamia sahani asicheke, kisha akaona uso wa mkewe na hamu ya kucheka ikamtoka. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, kibarua wa siku, na majira ya baridi yalikuwa yamemkosesha kazi. "Wiki tatu zimebaki, mama. Wiki tatu tu. Pruitt mwenyewe amesema darasa la nne linabaki wazi mwezi wa nane, akija na leseni ni lake."

"Pruitt! Mdomo ni wake, atasema apendavyo."

Trina alikwenda kufungua friji kuchukua siagi, akaitazama chupa ya insulini. Ilipaswa kuwa imekwisha tangu Jumamosi. Akageuka. "Dwayne, unapunguza dozi?"

"Nakula kidogo, nachoma kidogo. Hesabu inakubali."

"Haikubali! Miguu umeitazama?"

"Trina." Akamwangalia kwa macho mekundu. "Wiki tatu naweza kusimama hata kwa mguu mmoja. Wewe maliza tu hiyo kitu."

*

Mtihani wa kusoma wa darasa la tatu ndio unaowatoa watu jasho. Asiyefaulu anarudia darasa, na kila mzazi anajua. Na masharti yake ni makali. Mwalimu mwenye leseni haondoki chumbani. Simu zinafungiwa. Na mtoto hasomewi chochote, hata neno moja, hata silabi. Mitihani mingine haiko hivyo. Kwenye hesabu na sayansi watoto wanaosoma kwa shida wanaruhusiwa kusomewa swali, na kwa miaka kumi na mmoja kazi hiyo ilikuwa ya Trina. Mkono ukipanda, anainama, anasoma taratibu, anaondoka. Alikuwa ameifanya mara nyingi mpaka mwili ukaijua bila kuuliza kichwa.

Asubuhi ya mtihani ule Bi Hostetler aligawa karatasi, akasoma maelekezo, akatazama saa. Muda si mrefu akamsogelea Trina mlangoni. "Natoka mara moja tu, mpenzi. Wanunuzi wa ile nyumba yangu ya ziwani wanataka jibu asubuhi hii."

Trina akanong'ona, "Si haturuhusiwi, Bi Hostetler? Mimi sina leseni."

"Utaratibu huo ni wa watu wasioaminiana. Wewe unawajua hawa watoto kuliko mimi." Akampapasa mkono, akatoka.

Darasa lilikuwa kimya, penseli tu zikikwaruza. Kwenye safu ya dirishani alikaa Kinsley Maddox, msichana mwembamba aliyelelewa na bibi yake, kwa kuwa baba na mama vidonge vya kulevya viliwameza kabla hajaanza shule. Kinsley alikuwa anasoma vibaya tangu zamani, lakini mwaka huo Trina alikaa naye kila asubuhi kabla ya kengele, na alikuwa anapanda. Alikuwa anapanda kweli. Mkono wake ukapanda. Trina akaenda, akainama. Kidole cha mtoto kilikuwa juu ya neno refu.

"Mmomonyoko," Trina akamnong'oneza.

Uso wa Kinsley ukachanua, akaendelea. Trina akanyanyuka, akapiga hatua mbili, ndipo akakumbuka ni mtihani gani. Mungu wangu! Nimefanya nini? Akasimama kati ya madawati.

Bi Hostetler aliporudi, kahawa mkononi, Trina alimvuta pembeni akamweleza yote bila kuficha. Alisema ni bora waende kwa Bwana Pruitt sasa hivi, wenyewe, kabla ya jambo kusambaa.

"Neno moja?"

"Moja."

"Na nani ameona?"

"Hakuna. Lakini—"

"Basi limekwisha. Ukienda kwa Pruitt atauliza mimi nilikuwa wapi. Hujafikiria hilo, eh? Nyamaza, mpenzi. Kanywe maji."

Akanyamaza. Hapo ndipo alipojifunga kamba, na ncha yake akamkabidhi mwenzake.

*

Saa ya chakula, Kinsley alikuwa na furaha ya kupasuka. Alikaa kwenye benchi na pizza yake akawatangazia wenzake meza nzima, "Mimi nimemaliza yote! Na lile neno gumu Bi Trina alinisomea. Bi Hostetler alikuwa hayupo."

Gaylene alikuwa anapita na kitambaa cha kufutia meza. Aliposikia, alisimama. Akamwambia mtoto arudie. Mtoto akarudia, maskini, akidhani anasifiwa.

Kumaliza pizza watoto hawakumaliza, habari ilikuwa imefika ofisini. Trina alipokuwa anatoka garini alimkuta Gaylene mlangoni, amekunja mikono. "Nimekuwahi nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Nimeripoti. Anayesikia akanyamaza naye anafukuzwa, na mimi nina watoto wawili."

"Gaylene, ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini, na siku hizi hata salamu zako ni za kubahatisha? Si chuki, shoga. Ungekaa na sisi hili lisingekupata."

Bi Hostetler alimwahi kabla ya mwalimu mkuu. Alimwingiza kwenye stoo ya karatasi na rangi, akafunga mlango. Akamshika mikono yote miwili.

"Nisikilize. Mimi nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Wakijua nilitoka, leseni yangu wanaichukua na pensheni yangu inaingia mashakani. Wewe wakijua umesoma neno moja, wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi hukosea, ndiyo maana anaitwa mwanafunzi. Chuo watamuuliza nani kama wakusamehe? Mimi mwalimu mlezi. Barua ni yangu. Nitaandika kwamba katika miaka thelathini sijapata kuona mwalimu wa kuzaliwa kama wewe."

"Kwa hiyo nisemeje?"

"Sema nilikuwa nyuma ya darasa. Basi. Hilo tu."

"Na kama nikisema kweli?"

Bi Hostetler akaachia mikono. "Ukisema kweli tunazama wote wawili, na barua hakuna. Dwayne anaendeleaje na sukari yake?"

Aliuliza hivyo, kwa sauti ileile ya huruma aliyokuwa akiuliza kila wiki.

*

Siku ya pili walikaa ofisini kwa Bwana Pruitt. Alikuwepo Bi Hostetler na leso yake, alikuwepo Trina, na kwa kuwa jambo lilimhusu mtoto, alikuwepo bibi yake Kinsley, Bi Orpha Maddox, amevaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Alhamisi. Bwana Pruitt alieleza kwamba karatasi ya Kinsley imefutwa. Hakuna alama. Atafanya mwingine wakati wa kiangazi, na huo ukimshinda atarudia darasa la tatu.

"Hata kama alifaulu?" aliuliza Bi Orpha.

"Hatuwezi kujua kama alifaulu, mama. Imefutwa."

"Kwa neno moja."

"Ndiyo sheria ya jimbo."

Bi Orpha akatikisa kichwa. Akamgeukia Trina, na sauti yake haikuwa na ugomvi. "Kule nyumbani ni Bi Trina hivi, Bi Trina vile. Nikipika, Bi Trina hupika hivi. Sina kinyongo na wewe. Mtoto wangu hajawahi kutendewa wema na mtu wa shule. Ila anasema mwalimu mwenyewe hakuwepo. Sasa mimi nauliza, mwalimu alikuwa wapi?"

Bi Hostetler aliitazama leso yake. Bwana Pruitt akashika kalamu.

"Bi Trina, hilo ni la muhimu. Bi Hostetler alikuwepo chumbani?"

Trina akawaza chupa ndani ya friji. Akawaza vidole vya miguu ya Dwayne, jinsi alivyovificha kwenye soksi hata kitandani. Akawaza barua. Mtu unaweza kumlaumu, na ni haki ulaumu, lakini kwanza kaa kwenye kile kiti.

"Alikuwepo," alisema. "Alikuwa nyuma ya darasa."

"Kinsley anasema hakumwona," alisema Bi Orpha.

"Kinsley amekosea."

"Amekosea au amesema uongo? Maana alinieleza mara tatu, hajabadilisha hata kidogo. Na mimi uongo sikuuvumilia kwa mama yake, na kwake siuvumilii."

Trina alilamba midomo. "Labda... labda alitaka kusikilizwa tu. Watoto wana tabia hiyo."

Bi Orpha akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Basi nitamnyoosha," alisema. "Nashukuru kwa kuniambia." Akatoka bila kumpa mtu mkono. Trina aliandika maelezo yake kwenye karatasi aliyopewa, kama alivyosema, akatia sahihi. Akaambiwa akusanye vitu vyake. Mazoezi yamesimamishwa mpaka chuo kitoe uamuzi. Kule koridoni Bi Hostetler akamkumbatia kwa nguvu. "Umeniokoa," alimnong'oneza. "Sitasahau."

*

Simu ya chuo ilikuja baada ya siku tisa. Msimamizi wake, Dokta Feldkamp, alikuwa mwanamke wa haraka asiye mbaya, na ilionekana amelichukia jambo hilo kabla hajalisema.

"Bi Ratliff, kamati imekaa. Imekuondoa kwenye mazoezi."

Trina alikuwa amesimama jikoni, mkono kwenye sinki. "Lakini barua ya mwalimu mlezi? Mmeisoma?"

"Ndiyo hiyo iliyoamua."

"Imesema nini?"

Dokta Feldkamp akaisoma. Bi Hostetler aliandika kwamba anampenda Trina kama binti yake. Kwamba alikuwepo chumbani asubuhi ile, nyuma ya darasa, na aliona kwa macho yake Trina akimwinamia mtoto na kumpa jibu. Kwamba alishtuka. Kwamba kwa uchungu mkubwa hawezi kumpendekeza kwa leseni kwa sasa, ila anaamini Trina ana nafasi yake katika elimu, nafasi inayomfaa zaidi.

"Hakuwepo!" Trina alipiga kelele. "Hakuona kitu! Alikuwa nje anauza nyumba!"

"Bi Ratliff."

"Muulizeni mtoto! Muulizeni Kinsley!"

"Mtoto aliulizwa tena. Sasa anasema Bi Hostetler alikuwepo. Anasema alidanganya na anaomba msamaha." Sauti ya Dokta Feldkamp ikashuka. "Na nina maelezo yako hapa. Ni mwandiko wako. Ulisema kweli wakati ule, au unasema kweli sasa? Nikipeleka hili kwenye kamati, nitawaambia ulidanganya lini?"

Trina akafungua bomba la sinki, akalifunga.

"Uzamili wenyewe utaupata," aliendelea Dokta Feldkamp. "Masomo yote ulifaulu, tena vizuri. Joho utavaa. Ni leseni tu ndiyo haitakuwepo."

Leseni tu! Utadhani mtu aliyenunua gari akaambiwa ni injini tu ndiyo haipo.

Alimpigia Bi Hostetler mara nne, hakupokea. Jioni ukaja ujumbe kwenye simu: Nakuombea, mpenzi wangu. Mungu akifunga mlango, anajua kwa nini.

Dwayne alisikiliza yote akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na alipomaliza kusikiliza hakutukana mtu. "Na yule mtoto?" aliuliza. Trina akajifunika uso kwa mto. Wiki iliyofuata Dwayne alipatwa na kizunguzungu kwenye ngazi, wakamshusha wenzake, akalala hospitali siku mbili. Daktari alisema kidole kimoja cha mguu kiangaliwe kwa makini. Bili ikaja nene kuliko kitabu cha nyimbo, na mwezi huohuo ikaja na ya kwanza ya mkopo wa chuo.

*

Sherehe ya kuhitimu ilikuwa Jumamosi yenye jua. Trina hakutaka kwenda, lakini Bi Wilma alikuwa amekwisha kualika nusu ya kanisa kuja kula nyama ya kuchoma uani, na keki ilikuwa imeagizwa tangu Machi, juu yake pameandikwa HONGERA MWALIMU.

"Mama, mimi si mwalimu," Trina alimwambia.

"Keki imeshalipiwa," alisema Bi Wilma. "Na watu wa kanisa wanajua nini kuhusu leseni? Vaa joho lako, tabasamu, ule. Aibu ya ndani ni ya ndani."

Basi alivaa, akapita jukwaani, akapewa jalada tupu, kwa kuwa cheti chenyewe hutumwa kwa posta. Alasiri wakawa uani, moshi wa nyama, saladi ya viazi, watu wa kanisa wakimwita Mwalimu kwa bashasha na yeye akiitikia. Kila kuitikia kulimkata. Mzee mmoja alimwambia mjukuu wake yuko darasa la nne mwakani, amwangalie vizuri. Trina akasema atamwangalia.

Ndipo gari jeupe likaegesha mbele ya nyumba akashuka Bi Hostetler, gauni la maua, zawadi yenye utepe mkononi. Trina akamgeukia mumewe. "Huyu anataka nini hapa? Nani amemwita?"

"Mimi," alisema Dwayne kando yake, kwa sauti ya chini.

"Wewe?"

"Nilikwenda kwa Pruitt, Jumanne. Nilimwomba. Nilimwambia chochote kile, hata kufagia. Akasema mpaka mwalimu akutake, basi nikampigia huyu." Alikuwa hamtazami. "Trina, nimesimama kwa mguu mmoja mpaka umechoka. Tafadhali."

Bi Hostetler alikuwa tayari katikati ya uani, anakumbatia watu. Nusu yao aliwafundisha kusoma. Akapiga makofi mawili, kama darasani, na watu wazima wote wakanyamaza.

"Mimi sina maneno mengi," alisema, mkono wake ukiwa mabegani mwa Trina. "Mnajua nimefanya kazi na wengi. Kama huyu hakuna. Muhula huu nilikaribia kumpoteza, na nililia, Mungu ni shahidi. Lakini nimezungumza na Bwana Pruitt. Nimemwambia msiniletee mwingine, nataka Trina wangu. Na amekubali! Mwezi wa nane anarudi chumbani kwangu, msaidizi wangu, na bima yake inaanza siku ya kwanza ya Septemba."

Watu wa kanisa hawakuelewa vizuri, lakini walisikia anarudi, walisikia bima, wakapiga makofi. Bi Wilma peke yake hakupiga. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake na sahani mapajani, anamtazama mkwewe.

"Tena kuna jambo zuri," Bi Hostetler aliendelea. "Chuo kinatuletea binti wa mazoezi, kijana kabisa, miaka ishirini na mbili. Trina atamwonyesha kila kitu. Na Kinsley wetu, kama ule mtihani wa kiangazi ukimshinda, atabaki nasi pia. Tutakuwa familia."

Uani kote watu walikuwa wanamtazama Trina, wanasubiri. Dwayne alikuwa anatazama chini, mkono wake umeshika mgongo wa kiti, ule mguu mmoja ameunyanyua kidogo usiguse nyasi.

"Asante, Bi Hostetler," alisema Trina.

"Huku nyuma hatusikii!" alisema mtu kwa utani, watu wakacheka.

"Asante," akasema tena, kwa sauti.

Kisha akachukua kisu, akakata keki. Kipande cha kwanza, cha pembeni, chenye krimu nyingi, alikiweka kwenye sahani akampa Bi Hostetler, kwa kuwa baada ya miaka sita alijua ndicho anachokipenda.